Mrejesho: pedali ya freni iliyokuwa inazama mzunguko wa nne

Wakubwa, niliuliza kutoka Lubumbashi kwa nini pedali ya freni (breki) ya MX-5, gari dogo la Mazda, inazama kwenye mzunguko wa nne wa uwanja wa mbio, halafu gari likipoa inarudi kuwa ngumu. Mliosema mafuta ya freni yanachemka mlikuwa sahihi. Plaketi (pedi zinazobana diski) zingekuwa ndizo zimezidiwa na joto, pedali ingebaki ngumu ila gari lisingesimama.

DOT 4, aina ya mafuta ya freni, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini hunyonya unyevu. Ikishalowa, inaweza kuchemka kwenye 155. Chupa iliyokaa wazi dukani msimu mzima wa mvua ni ya kutupa.

Tulibadilisha mafuta yote na kutoa hewa; lita moja ilitosha. Usukani uko kushoto, kwa hiyo tulianza gurudumu la nyuma kulia, nyuma kushoto, mbele kulia, mwisho mbele kushoto. Mmoja anakanyaga na kushikilia. Mwingine analegeza niplo (skrubu ya kutolea hewa kwenye gurudumu) robo mzunguko, anaifunga kabla mguu haujainuka. Hapo ndipo wengi wanaharibu: mguu ukitangulia, hewa inaingia. Mafuta ya zamani yalitoka meusi kama chai ya rangi. Yakija ya njano safi bila mapovu, funga. Kikopo cha juu cha mafuta ya freni kisikauke, la sivyo unaanza upya.

Sasa mizunguko minane, pedali ni ileile. Kukanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi nako kumesaidia. Kuburuza mguu kunapika diski. Mzunguko wa mwisho tunapooza, na freni ya mkono haivutwi diski zikiwa bado moto.