Seva ya gemu inaganda usiku lakini prosesa haijafika hata nusu. Wajuzi naombeni msaada

kibarua_wa_seva
Wakuu habari zenu. Nina mashine ya kukodi, kori 4 (viini vya prosesa), RAM GB 16, Linux. Naendesha seva mbili za gemu ya Minecraft (kwa programu ya Paper) na moja ya gemu ya Valheim kwa ajili ya washkaji. Mchana mambo yanateleza. Usiku wakishafika watu 25 kwenye ile kubwa ni balaa: unavunja jiwe linarudi, mazombi wanaruka ruka kama picha zilizokatwa. Kinachonichanganya, paneli inaonyesha prosesa iko asilimia 35 tu, ila wastani wa mzigo (kazi zinazoendelea au kungoja) kwenye amri ya uptime unasoma 6 na ushee. Sasa mashine imechoka au haijachoka? Nisije nikalipia kubwa zaidi bure.

Dogo Pikseli
Ongeza RAM mkuu. Ipe Minecraft GB 12 ulale usingizi.

mzee_wa_terminali
Usiipe. Java inayoendesha Minecraft haiishii kwenye hiyo -Xmx (kikomo cha RAM unachoiwekea), ina matumizi mengine nje yake. Ukimega 12 kati ya 16, Valheim na ile seva ya pili zitagombea makombo, mfumo uanze kuhamishia kumbukumbu kwenye swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM), halafu ndiyo utaona kuganda kwenyewe.

Hiyo 35 ni wastani wa kori zote. Kwenye Minecraft kazi nzito ya dunia, yaani viumbe, redstone (saketi za mchezo), hopa (vyombo vinavyovuta na kupitisha vitu), inabebwa na uzi mmoja (msururu mmoja wa kazi za programu), na uzi mmoja hauwezi kukalia kori mbili kwa mpigo. Kori moja ikijaa, paneli ya kori 4 inasoma 25 na wewe unadhani kuna neema. Fungua top (amri inayoonyesha matumizi ya mashine), bonyeza 1, uone kila kori peke yake.

Halafu acha kupima kwa asilimia, pima tiki, yaani kila mzunguko wa seva kusasisha dunia. Seva inalenga tiki 20 kwa sekunde, kwa hiyo kila tiki ina milisekunde 50 za kumaliza kazi zake. Ikitumia 70, zinabaki tiki kama 14 na mchezo unapoa kwa wote, hata kwa mwenye intaneti ya moto. Andika /mspt (milisekunde kwa kila tiki) utuletee jibu.

nyuzi_nne
Naongezea hapo kwenye mzigo. Linux haihesabu wanaotaka prosesa peke yao, inahesabu na michakato iliyokwama kusubiri diski. Prosesa 35 na mzigo 6 kwa pamoja, mimi nanusa diski. Bakapu inapiga saa ngapi?

kibarua_wa_seva
Nimeangalia watu wakiwa wamejaa. Kori moja iko 97, nyingine zinacheza 10 hadi 20. Mspt 68. Bakapu kila saa, natumia tar (kufungasha mafaili pamoja) na kubana juu kwa juu. Ikianza, ile wa kwenye top (asilimia ya muda prosesa inasubiri diski) inapanda mpaka 40.

mzee_wa_terminali
Basi una magonjwa mawili, tusiyachanganye.

Bakapu ipeleke alfajiri. Kabla ya kunakili toa save-off (seva iache kujihifadhi yenyewe), kisha save-all flush (iandike yote kwenye diski), ukimaliza save-on, la sivyo unahifadhi dunia iliyokatikia njiani. Iendeshe kwa nice -n 19, ipate kipaumbele cha mwisho kwenye prosesa. Watu watakwambia ionice -c3 pia (kipaumbele cha mwisho kwenye diski), sawa, lakini kama kipanga foleni cha diski yako ni none, hiyo ni pambo tu.

Kori iliyojaa: fungua faili la server.properties uone simulation-distance (umbali ambao dunia inafanya kazi kumzunguka mchezaji). Kwa kawaida inakuja 10, maana yake kila mchezaji anazungukwa na chanki (vipande vya dunia) 441 zinazofanya kazi (21 mara 21). Ishushe iwe 6, zinabaki 169. View-distance (umbali wa kuona) waachie 8 au 9, watu wanapenda kuona mbali na hiyo haili sana uzi mkuu. Kisha endesha spark (programu-jalizi ya kupima kinachokula muda wa seva) wakati wa msongamano ikutajie mlaji.

kibarua_wa_seva
Spark imemtaja: hopa! Kuna jamaa kajenga ghala la kupanga vitu, hopa hazihesabiki. Nimeshusha simulation na kumwomba aweke mapipa juu ya hopa zilizo wazi, mspt sasa 41. Bado kuna vikwazo vidogo vya ghafla ila.

nyuzi_nne
Kwenye mstari wa top, mwisho kabisa, st inasoma ngapi?

kibarua_wa_seva
Inacheza 9 hadi 12 usiku. Mchana sifuri.

nyuzi_nne
Huo ni muda ambao mashine yako ilitaka prosesa, mwenye nyumba (kampuni inayokukodishia) akawa amewapa wapangaji wengine wa mashine hiyo hiyo. Hakuna mpangilio wa ndani utakaoutibu. Piga picha za skrini, omba wakuhamishie kwenye mashine mama (kompyuta halisi inayobeba yako) nyingine. Wakigoma, hama, na huko uendako tafuta kori zisizogawanwa, na uangalie kasi ya kori moja kabla ya kuuliza ziko ngapi. Kori 2 za kasi zitakufaa kuliko 8 za kinyonga.

Dogo Pikseli
Kwa hiyo RAM ibaki hivyo hivyo?

mzee_wa_terminali
Seva kubwa GB 6, Xms (RAM ya kuanzia) na Xmx zilingane. Ile ndogo 3. Inayobaki waachie Valheim na mfumo, nao unaitumia kuhifadhi mafaili yanayosomwa mara kwa mara.