Dhahabu ya Kakamega 1931: kwa nini ya mtoni iliisha mapema na ya mwambani ikaendelea hadi 1952?

Kokoto_za_Yala:
Habari zenu wadau. Nauliza kwa ajili ya somo la jiografia na historia la shule ya upili, na huenda likafuatwa na ziara. Vitabu vingi vinaitaja rashi ya dhahabu ya Kakamega, magharibi mwa Kenya (yaani watu kuikimbilia dhahabu kwa wingi), kwa sentensi mbili tu: iligunduliwa 1931, walowezi wakamiminika, basi. Nina maswali manne.

Je, ni kweli dhahabu hii ililetwa na volkano ya Mlima Elgon? Nimeikuta mahali pawili. Pili, kwa nini iwe 1931, si 1910 wala 1950? Tatu, dhahabu ya vijito iliisha ndani ya miaka michache, lakini mgodi wa Rosterman ukaendelea hadi 1952. Tofauti ilikuwa nini chini ya ardhi? Mwisho, watafutaji wa wakati ule walitokaje mtoni hadi kwenye mshipa wenyewe, yaani utepe wa kwatzi (jiwe gumu, mara nyingi jeupe) wenye dhahabu ndani ya mwamba? Nataka hatua ambazo wanafunzi wanaweza kuziiga kwa karai na daftari.

Mwamba_Mkongwe:
La Elgon liondoe kabisa kwenye somo. Elgon ni volkano ya juzi kwa kipimo cha jiolojia, miaka milioni ishirini na kitu. Miamba ya Kakamega ina miaka bilioni 2.6 hadi 2.8, na dhahabu ilishaingia humo zamani mno kabla Elgon haijawaza kuzaliwa. Isitoshe, Mto Yala unatoka upande wa milima ya Nandi, hauteremki kutoka Elgon.

Chini kabisa kuna mfumo wa Nyanza: lava kuukuu za basalti, andesaiti na rayolaiti, pamoja na tabaka za mwamba wa chuma wenye mistari. Lava hizo zilipikwa na kukandamizwa hadi madini yake yakageuka ya rangi ya kijani, ndiyo maana eneo lote huitwa ukanda wa mawe ya kijani. Ni jamaa ya mikanda ya Migori na ya kusini mwa Ziwa Viktoria, Geita ikiwemo. Juu yake umelala mfumo wa Kavirondo: mawe ya mchanga, mawe ya tope, na mwamba wa kokoto zilizoshikamana. Wanafunzi waelekezwe kwenye kokoto hizo, kwa sababu ndani yake mna vipande vya lava ya chini. Hilo peke yake linathibitisha kwamba lava ilishapoa, ikainuliwa na kumomonyoka kabla tabaka la juu halijawekwa.

Kisha vyote viwili vikakunjwa hadi tabaka zikasimama karibu wima, na itale (graniti) ikapenya kati yake. Itale ya Maragoli wanaijua wote, na Jiwe Linalolia la Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu, nalo ni itale. Katika kukunjwa huko miamba ilipasuka, maji ya moto yenye silika (madini yanayounda kwatzi), salfa na dhahabu yakapanda kupitia nyufa, na yalipokutana na mwamba wenye chuma salfa ikashikana na chuma. Dhahabu ikakosa kitu cha kuibeba, ikabaki. Kwa hiyo tafuta vitu vitatu kwa pamoja: ufa mkubwa, mpaka wa miamba miwili ya ugumu tofauti, na kwatzi yenye piraiti (madini ya chuma na salfa) au asenopiraiti (ya chuma, salfa na aseniki). Kwatzi nyeupe safi kama sukari, isiyo na kutu wala doa, mara nyingi haina kitu, hata iwe pana mita mbili. Wageni wa fani huvutwa na hiyo kwanza.

Kuhusu mtoni: vijito vya huko ni vifupi, mabonde yake ni membamba, na kokoto zake ni tabaka dogo juu ya mwamba. Hakuna mto uliopata muda na nafasi ya kutandaza matuta mapana ya kokoto kama yale ya California au Yukon. Mishipa yenyewe ni myembamba pia. Kilichokusanyika mtoni kilikuwa makombo ya mishipa hiyo, na makombo huokotwa mara moja tu.

Jalada_la_Kale:
Nachukua swali la pili, maana huwa linajibiwa kwa "Johnson aliona dhahabu" na kuishia hapo. Ndiyo, L. A. Johnson, mlowezi Mmarekani, alipata dhahabu ya kokoto eneo la Yala mwaka 1931. Lakini dhahabu ya Lolgorien, kusini-magharibi mwa Kenya, ilijulikana tangu miaka ya 1920 na haikuleta vurugu ya namna ile. Kilichobadilika ni bei na njaa ya fedha.

Uingereza iliachana na kiwango cha dhahabu (utaratibu wa kuifunga thamani ya sarafu kwenye dhahabu) Septemba 1931. Kabla ya hapo aunsi moja ya dhahabu safi, gramu 31.1, ilikuwa imefungwa kwenye shilingi 85 hivi. Kufikia 1935 ilikuwa karibu shilingi 140. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungamana na ya Uingereza, kwa hiyo ongezeko lilifika Kakamega moja kwa moja. Wakati huohuo bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeanguka, na nzige walikuwa wamepita. Mlowezi mwenye deni la benki na shamba lisilolipa alikuwa na kila sababu ya kubeba karai.

Sasa msiache sehemu ya ardhi, hata kama somo ni la mawe. Eneo lote lilikuwa ndani ya hifadhi ya wenyeji ya Kavirondo Kaskazini, na upande wa Maragoli watu walikuwa wamesongamana tayari. Sheria ya amana ya ardhi za wenyeji ya 1930 iliahidi kwamba kipande kikitwaliwa kwa shughuli ya umma, kitafidiwa kwa ardhi nyingine ya ukubwa uleule, na baraza la wenyeji litashauriwa. Desemba 1932, ahadi ikiwa haijamaliza hata miaka mitatu, sheria ilirekebishwa harakaharaka: fidia ya fedha ikatosha, na kushauri baraza hakukuwa lazima tena. Madini yenyewe yalihesabiwa mali ya Taji la Uingereza, kwa hiyo mwenye shamba alilipwa mazao na nyumba, si kilichokuwa chini yake. Chama cha North Kavirondo Central Association kilizaliwa katika hofu hiyo ya ardhi. Mwanafunzi akiulizwa rashi ilibadilisha nini, jibu hili lina uzito kuliko idadi ya aunsi.

Kando kidogo: Wajerumani walishatangulia upande wa Tanganyika. Dhahabu ya Sekenke, Iramba, ilichimbwa kabla ya Vita vya Kwanza, na 1916 ikatumika kufua sarafu za rupia 15 kule Tabora, zile zenye tembo.

Karai_na_Daftari:
Swali la nne. Kanuni ni moja: dhahabu ina uzito wa mara 19.3 ya maji, kwatzi mara 2.65. Mto hauwezi kuibeba mbali bila kuidondosha njiani, na wewe unafuata njia hiyo kinyumenyume.

Anzia mtoni, mahali maji yanapopoteza nguvu: kona ya ndani, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye nyufa za mwamba wa chini. Chimba hadi mwamba. Kokoto za juu hazisemi kitu. Chukua kipimo kilekile kila mahali, tuseme lita 10, upitishe kwenye chekeche ya milimita 2, kisha osha. Mawe yaliyobaki juu ya chekeche yaangalie kabla hujayatupa. Ukimaliza utabaki na mchanga mweusi. Tikisa karai taratibu hadi mkia wa mchanga ufunguke, uhesabu punje za njano. Andika idadi, ukubwa na umbo. Umbo ndilo watu wanalisahau. Punje bapa yenye kingo laini imesafiri. Punje yenye pembe kali, au ambayo bado ina kipande cha kwatzi, haijatoka mbali.

Kila unapofika makutano ya vijito, osha sampuli kwenye matawi yote mawili, mita 20 hivi juu ya makutano. Tawi lisilo na punje liache. Endelea kupanda hadi punje zikatike ghafla. Hapo rudi kwenye sampuli ya mwisho iliyokuwa nayo, uache mto, uanze mteremko wa pande zote mbili. Chora mistari inayofuata kimo cha mlima, kila mstari mita 25 juu ya mwenzake, na kila mita 10 chimba sentimita 30 hadi 50, chini ya udongo mweusi wa shamba. Osha lita 10 zilezile. Kichuguu ni msaada wa bure, kwani mchwa hupandisha udongo wa chini. Kwenye ramani punje zitajichora kama feni inayosinyaa kuelekea mlimani. Ncha ya feni ndipo unapokata mtaro, ukivuka uelekeo wa mshipa, si kuufuata.

Linaloharibu kazi hii mara nyingi: kipimo kinachobadilika (karai moja limejaa, jingine nusu), na sampuli iliyochukuliwa chini ya barabara au nyumba ya zamani, ambapo udongo uliletwa kutoka kwingine. Kakamega kuna jambo la ziada. Miaka ya 1930 vijito vingi vilishageuzwa, na vifusi vya zamani vimelala kandokando. Punje ukizipata kwenye kifusi, hujagundua mshipa, umegundua walichokikosa wao.

Sampuli_Safi:
Karai amesema vizuri, ila asiishie kwenye mtaro. Hapo ndipo watafutaji wengi walipodanganyika, na bado wanadanganyika.

Ukishaufikia mshipa, usiokote mawe yanayong'aa. Kata mfereji mdogo kuvuka mshipa wote, upana sentimita 10, kina sentimita 5, usawa uleule mwanzo hadi mwisho. Kwenye mshipa wa sentimita 30 utapata kilo 4 hivi. Mshipa uwe na mfuko wake, ukuta wa kushoto wake, wa kulia wake. Mkato wa upande laini huwa unaliwa zaidi na patasi kuliko upande mgumu, na kwa kuwa kutu yenye dhahabu ndiyo laini, jibu hupanda juu kuliko ukweli.

Halafu hesabu punje. Mchemraba wa dhahabu wa milimita 1 una miligramu 19.3. Ukiangukia kwenye sampuli ya gramu 50 inayoyeyushwa maabara, karatasi itasema gramu 386 kwa tani. Sampuli ya pili ya mwamba uleule, bila punje hiyo, itasema sifuri. Zote mbili ni sahihi na zote mbili hazifai. Mishipa ya aina hii yenye dhahabu ya chenga kubwa inataka kilo nzima isagwe, ichekechwe kwa mikroni 106, na kilichobaki juu kipimwe chote.

La mwisho ni upana. Mshipa wa sentimita 15 wenye gramu 30 kwa tani unasikika kama utajiri. Lakini mtu hawezi kuchimba kwenye sentimita 15. Anahitaji mita 1, na sentimita 85 zilizobaki ni ukuta usio na kitu. Gramu 30 zinakuwa 4.5. Kabla ya kuamini takwimu yoyote ya miaka ya 1930, angalia kama ni ya mshipa peke yake au ya upana wa kuchimbika.

Kokoto_za_Yala:
Asanteni sana, mmenifungua. Swali dogo: kama mishipa ilikuwa ya kudumu, kwa nini ile ya wachimbaji wadogo mingi ilikufa ikiwa mita chache tu? Na je, naweza kuwapeleka wanafunzi kwenye mashimo ya zamani?

Mwamba_Mkongwe:
Maji na salfa. Kakamega mvua ni nyingi na mwamba umeoza kwenda chini sana. Katika sehemu iliyooza, piraiti imegeuka kutu nyekundu na kuiachia dhahabu. Unaponda, unaosha kwenye mwalo (mfereji wa kunasia dhahabu), unaiona. Ukivuka usawa wa maji unakutana na jiwe bichi la bluu-kijivu, gumu, lenye asenopiraiti. Dhahabu nyingine iko ndani ya punje za salfa zenyewe. Mwalo hauioni, zebaki haiigusi vizuri, na zebaki ikigusana na salfa na aseniki huvunjika kuwa vumbi jeusi linaloondoka na marudio (mabaki ya jiwe lililosagwa na kuoshwa), yaani unapoteza zebaki na dhahabu pamoja, na sumu inabaki mtoni. Hapo unahitaji pampu, kusaga laini na kemia ya kiwandani. Mwenye kitalu kidogo hakuwa na mtaji huo. Kampuni ya Rosterman ilianza 1935, wakati bei imeshapanda, na ikafunga 1952, wakati bei rasmi ilikuwa imekwama kwenye dola 35 kwa aunsi tangu 1934 huku gharama za kila kitu zikipanda. Madini hayakuisha: utafutaji wa miaka ya karibuni umerudi kwenye ukanda uleule, kule Isulu na Bushiangala.

Mashimo ya zamani, hapana. Duara (shimo la mgodi) lililoachwa ndani ya mwamba uliooza husimama kwa matimba (magogo ya kushikilia kuta), na matimba ya miaka ya 1930 yameshaliwa. Kingo hubeba nyasi tu kwa juu. Ndani hewa inaweza kukosa oksijeni bila harufu yoyote, kwa sababu salfa inapooza inaila. Wabaki mita 10 kutoka ukingoni, na wasishike marudio ya kijivu wala kuyaosha kwenye karai, maana aseniki imo. Kupondaponda mawe kwa nyundo kufanyike jiwe likiwa limeloweshwa. Vumbi la kwatzi huharibu mapafu. Zoezi la karai lifanyeni kwenye kijito kilicho juu ya machimbo, kwa ruhusa ya mwenye shamba na ofisi ya madini ya eneo hilo. Mkikosa dhahabu, mchanga mweusi mtaupata, na huo unatosha kufundisha kila kitu alichoandika Karai hapo juu.