Naomba ushauri: mwenzangu ameambiwa adungwe sindano ya damu

Kiatu_Kimoja: Salaam wanajamvi. Nina mwenzangu hapa Mombasa, mkimbiaji wa nusu marathoni, dakika 62. Aliumia mguu, miezi saba hajapata kitu. Mkataba wake na kampuni ya viatu inayomdhamini waisha Desemba, na msimamizi ashaanza kununa. Sasa kuna mtu amempigia debe EPO, ile dawa ya kuongeza damu iliyopigwa marufuku michezoni. Akiikataa, amwambieje msimamizi asionekane mwoga?

Bi_Zaituni: Mwanangu, mwambie tende na maziwa. Marehemu babangu alikuwa baharia wa jahazi, hakudungwa hata ya malaria.

Kocha_Mstaafu: EPO huifanya damu nzito, moyo ukawa wasukuma uji. Jemima Sumgong alipata dhahabu ya marathoni Rio 2016, mwaka uliofuata akashikwa nayo. Alifungiwa miaka 4, kisha ikawa 8 kwa hati za matibabu za kubuni. Huyo mwenzako amefika wapi hasa?

Kiatu_Kimoja: Mbona waniuliza hivyo, kocha?

Kocha_Mstaafu: Kwa sababu shida yako ni uoga, si sindano.

Kiatu_Kimoja: Haya, ni mimi. Na chupa nishanunua. Iko kwenye friji ya mama, nyuma ya jagi la ukwaju, nimemwambia ni insulini ya rafiki. Lakini msinitukane kwanza. Mimi siibi, narudi tu pale nilipokuwa kabla ya kuumia. Wenzangu wote watumia. Ni kama foleni ya feri, ukisimama kwa adabu wapitwa. Na nina wadogo wawili shuleni.

Dereva_Likoni: Feri usiitaje, jana nimekaa saa mbili na abiria mwenye kuku. Ila nyinyi wakimbiaji hata visingizio vyenu ni vya barabarani. Wilson Kipsang, 2020, miaka 4 kwa kukosa kupatikana apimwe dawa. Alileta picha ya lori lililoanguka, kumbe ajali yenyewe ilitokea miezi mitatu baadaye 😂

Kocha_Mstaafu: Kijana mwenye tamaa simhofii sana, huonekana mapema. Namhofia anayetoka kwenye jeraha. Huyo hajioni mwizi, ajiona mgonjwa atafutaye dawa. Na hao "wote", taja mmoja uliyemwona kwa macho yako.

Kiatu_Kimoja: Sijamwona. Lakini yajulikana.

Mvita_Halisi: Ngojeni kwanza. Dakika 62, mtoto wa Mombasa, na hakuna amjuaye? Mbio za nyika za dunia zilipokuja hapa 2007, Kenenisa Bekele mwenyewe, yule bingwa wa Ethiopia, aliacha njiani kwa joto. Huyu afanyia wapi mazoezi, ufuoni Mama Ngina kati ya wauza mihogo? Jeraha, mkataba, wadogo shuleni, yote yamepangika mno. Huyu ni mwanafunzi wa saikolojia, atuchota majibu.

Bi_Zaituni: Hata mimi huo ukwaju umenitatiza. Nani aweka ukwaju kwenye jagi siku zote hizo?

Kiatu_Kimoja: Nina miaka minne Iten, kule milimani wafanyiako mazoezi wakimbiaji, nimerudi kwa sababu ya mguu. Msipoamini basi.

Mvita_Halisi: Taja mbio moja uliyoshinda.

Mvita_Halisi: Mwaona? Kimya.

Kocha_Mstaafu: Iwe kweli iwe uongo, mwanariadha kuwa nayo tu ni kosa, hata kama hujaidunga. Watu wa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizo michezoni, wapo, zungumza nao leo.

Kiatu_Kimoja: Stima imepotea huku Bamburi tangu saa nane. Kitu kama hicho kikikosa baridi saa tano, huharibika?

Muuza_Changu: Samaki saa tano ashanuka. Barafu iko Kongowea, lakini hiyo yako sijui.