Tupeane uzoefu: spika ya katikati umeiweka wapi sebuleni, na maneno yanasikika?

Mwanzisha mada, Shangani Mtwara

Wakuu, habari za jioni. Siku hizi huku kwetu nyumba nyingi zina flati skrini ukutani na seti ya spika tano na sabufa, ila kila nikienda kutembea nakuta mambo yale yale: bomu likilipuka vioo vinatetemeka, mwigizaji akifungua mdomo kila mtu anatafuta rimoti.

Filamu ikiwa imetengenezwa kwa mfumo wa 5.1 (yaani spika tano na sabufa moja), maongezi karibu yote yanapita spika ya katikati. Za pembeni zinapewa zaidi muziki, za nyuma mvua na helikopta. Sasa hiyo inayobeba hadithi yenyewe ndiyo inayotafutiwa nafasi mwisho, baada ya king'amuzi, maua ya plastiki na picha ya harusi.

Yangu iko mezani chini ya TV. Nimeisogeza mpaka uso wake umelingana na ukingo wa meza, maana ikirudi nyuma hata shubiri moja, ule ubao mtupu mbele yake unarudisha sauti na maneno yanakosa ukali. Halafu nimekata kandambili iliyoisha, vipande viwili nikaweka chini upande wa mbele ili spika itazame juu kidogo, kwenye masikio ya aliyekaa kochini. Kuhakikisha, mtu ashike kioo kidogo kikiwa kimelala bapa kwenye uso wa spika, wewe ukiwa umekaa sehemu yako. Ukiona macho yako mwenyewe kiooni, imekulenga. Ukiona dari, bado.

Leteni za kwenu, hasa nyumba za Kusini zenye marumaru, bati na makabati yetu mazito. Wauzaji mkae pembeni kidogo.

Mdau wa Ligula

Mkuu umenigusa kwenye kabati. La kwangu ni la mninga, lilichongwa Masasi, na lina kijumba katikati utadhani seremala alipewa vipimo vya spika. Likaja na mlango wa kioo. Spika ikaingia humo, na mtangazaji wa taarifa ya habari akawa anasoma kama yumo ndani ya pipa.

Tulitoa mlango, pakawa na nafuu. Tukabana vipande vya godoro pembeni mwa spika, nafuu ikaongezeka. Lakini yangu ina tundu la hewa nyuma, na tundu likigusana na ubao besi inavimba, inafunika sauti za wanaume. Kilichomaliza kesi ni kuihamishia juu ya kabati, nyuma ikabaki nafasi ya kupitisha kiganja. Mama watoto hapendi inavyokaa. Tumeafikiana: kitambaa cha kufuma kinaruhusiwa juu ya spika, usoni hapana.

Binti wa Mtanda, Lindi

Kwetu shida haikuwa kabati, ni watu wanavyokaa. Watoto wako kwenye mkeka, baba kochini, bibi yuko pembeni kabisa karibu na mlango kwa sababu anataka upepo. Spika ni ile ndefu ya kulala, wufa mbili (zile koni kubwa za sauti nzito) na twita (ile ndogo ya sauti nyembamba) katikati. Baba aliye mbele yake anasikia vizuri tu. Bibi kila dakika: "Wanasemaje hao, mjukuu wangu?" Tukawa tunasema masikio ya uzee.

Siku moja wakati wa kudeki mjomba akaisimamisha wima kwenye kigoda, na haikurudishwa haraka. Bibi hakuuliza tena. Mjomba alivyonieleza ni kwamba wufa mbili zikiwa ubavu kwa ubavu, aliyekaa pembeni sauti ya moja inamfikia kabla ya nyingine, zinapishana na kufutana sehemu ya maneno. Ikisimama wima, mpishano huo unahamia juu na chini, na kwetu hakuna anayeangalia TV akiwa darini. TV yetu iko ukutani juu kidogo, kwa hiyo nafasi ipo. Mwenye TV ya mezani hawezi hili, atazibwa skrini.

Fundi, Masasi

Niongezee ya upande wangu. Wengi wanaoniita kwamba spika ya katikati imekufa, haijafa. Naanza na menyu ya TV. Sauti ikitoka kwa waya wa HDMI kwenda kwenye ampli, na TV imewekwa PCM, kwa TV nyingi ampli inapokea njia mbili tu, kushoto na kulia, ya katikati haipewi chake. Weka Bitstream au Auto, kisha cheza filamu yenye 5.1 kweli.

Mechi kwenye king'amuzi mara nyingi ni njia mbili, lakini usikate tamaa. Sauti ya mtangazaji huwa sawasawa kushoto na kulia, na ampli ikiwashwa Pro Logic au Dolby Surround (hali za kugawa njia mbili kwa spika zote) inakichukua kile kilicho sawa pande zote na kukipeleka katikati. Mteja wangu mmoja mshabiki wa Namungo aliniambia sasa anamsikia mtangazaji hata goli likiingia. Kama ni faida au hasara, sijui.

Waya: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukigeuza kwenye hii moja tu, inasukuma wakati wenzake wanavuta, na sauti inakonda. Kwenye menyu ya ampli weka Small (spika ndogo), ukate 80 Hz, yaani besi nzito ya chini ya hapo ibebwe na sabufa. Pima umbali kwa futikamba, usikisie, kwa sababu sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 ni milisekunde moja, na ampli inapanga muda kwa namba uliyompa. Mwisho ongeza spika hiyo peke yake desibeli 2. Ukiona unahitaji 8, rudi kwenye kabati.

Mdau wa Kilwa Masoko

Mimi sina kabisa. Spika mbili nzuri, nakaa katikati yake, menyu inajua kwamba ya katikati haipo, na sauti inatoka kwenye skrini kama kawaida. Naishi peke yangu lakini. Akija mgeni akikaa kushoto, kila mtu kwenye filamu anaongelea kushoto.

Mzee wa Mikindani

Vijana mnasahau kununua. Spika ya katikati iwe ndugu wa zile mbili za mbele, ikiwezekana toleo moja. Kwa mwanangu ni mchanganyiko, na mtu akiongea huku anatembea kutoka kushoto kwenda kulia anabadilika koo njiani. Mimi nilipata tatu zinazofanana, za mtumba, nikaweka moja katikati, basi.

Na kwa sisi wa baharini, kabla hujalipa bonyeza ule mkanda unaozunguka wufa. Wa sponji kwa unyevu huu unamomonyoka, wa mpira unadumu. Angalia na vishikio vya waya nyuma, chumvi inavila vinakuwa kijani.

Mdau wa Nachingwea

Nyie mna mjadala mtamu. Nyumba yangu bati halina dari. Mvua ya Januari ikianza, hata uiweke spika mapajani.

Mwanzisha mada

@Nachingwea 😂 hiyo ni maandishi chini ya skrini tu. @Fundi, swali: mzee wangu bado ana TV ya chogo na inafanya kazi. Naweza kumuwekea spika juu yake?

Fundi, Masasi

Kama sumaku ya spika haijakingwa, utaona madoa ya zambarau na kijani kwenye kona ya picha. Isogeze hatua moja, uzime TV na kuiwasha, mara nyingi yanaondoka. Na chogo juu ni jembamba, spika itaanguka. Mwekee chini, kandambili zako zipo.

Binti wa Mtanda, Lindi

Fundi, Lindi unafika? Bibi sasa anasikia mpaka matangazo, anataka ipunguzwe.