Nyumbani Isevya: mchungwa wa Babu

*Jumamosi*

Tatu (simu ya Bibi): Mwangaluka wote. Bibi anasema mchungwa wa Babu unakufa na watoto wake wako kimya.
[Picha]

Zuhura: Shikamoo mama. Jamani, ule mti? Mbona umekuwa kama fagio la chelewa?

Rashidi: Shikamoo mama. Hilo jua. Tabora kuanzia sasa mpaka mvua za Novemba kila kitu kinanyauka.

Juma: Kweli kaka, ni jua tu.

Tatu (simu ya Bibi): Bibi anasema jua lilikuwepo hata mwaka jana.

Shangazi Mwajuma: Mie nilisema mapema. Tangu mjenge hilo baraza kila mpita njia anageuza shingo. Jicho hilo.

Zuhura: Shikamoo shangazi. Kabla hatujafika kwenye jicho, nina mume kazaliwa Muheza katikati ya michungwa, hebu afanye kazi leo. Baba Salma, upo?

Mhando: Nipo. Shikamoo mama, shikamoo shangazi. Mti una miaka mingapi?

Tatu (simu ya Bibi): Bibi anasema Babu aliuleta kwa treni kutoka Morogoro, ukiwa kwenye kopo la maziwa, mwaka aliozaliwa baba. 1991.

Rashidi: Kumbe Juma na mchungwa ni pacha 😂

Mhando: Mche wa kubebesha huo, yaani chungwa limepandikizwa juu ya shina la mti mwingine. Hongera Mzee. Tatu, nipigie jani moja la nchani na jingine la zamani la chini. Sogea mpaka mishipa ionekane.

[Picha]
[Picha]

Mhando: Haya. Ingekuwa njaa ya kawaida, yaani mti umekosa naitrojeni, majani makuukuu yangetangulia kuwa njano. Hapa yamegeuka machanga, na mishipa imebaki kijani. Hii ni dalili ya kukosa chuma. Mara nyingi chuma kimo ardhini, ila mizizi haikipati kwa sababu udongo umezidiwa chokaa. Juma, mlipojenga baraza zege mlikorogea wapi?

Juma: Uani, shemeji.

Mhando: Uani upande gani?

Juma: Upande wenye kivuli.

Zuhura: Uani kuna kivuli kimoja tu, Juma.

Juma: Fundi alisema juani saruji itakauka haraka 🙏

Mhando: Na ndoo na makoleo mlioshea wapi?

*Juma anaandika…*
*Juma anaandika…*

Juma: Shinani. Ila maji tu.

Mhando: Maji ya saruji, siyo maji tu. Saruji ina chokaa.

Rashidi: Mifuko mingapi? Mimi nilituma hela ya mifuko kumi na miwili.

Juma: Kaka hiyo tuongee pembeni.

Mhando: Tuendelee kwanza. Kwenye picha ya kwanza sioni alama ya kubebeshea. Ile kama goti, shubiri moja hivi kutoka chini. Iko wapi?

Tatu (simu ya Bibi): Bibi anasema imefukiwa. Walijaza kifusi ili baraza na ua viwe sawa, halafu wakazungushia sakafu. Anasema alikataa wakamwambia ni mapambo.

Mhando: Lo. Sasa shina limevaa sweta la kifusi na mizizi haipumui. Mizizi inayokula ya mchungwa haiko mbali chini, mingi iko juu juu tu. Na maji mnamwagiaje?

Juma: Hapo sina kosa! Ndoo nne asubuhi, nne jioni, kila siku, toka majani yaanze kuwa njano.

Mhando: Shemeji yangu 🤦🏾‍♂️ mti unazama. Mizizi ikioza majani yananyauka vile vile kama ya mti wenye kiu, na mtu akiona hivyo anaongeza ndoo. Kuna kingine ulichoweka? Sema vyote leo.

Juma: Mbolea ya kuku. Kiroba kimoja. Jirani alitoa bandani siku hiyo hiyo.

Zuhura: Mbichi?!

Shangazi Mwajuma: Basi si jicho. Ni Juma.

*Juma ametoka kwenye kikundi*
*Zuhura amemwongeza Juma*

Zuhura: Kitinda mimba hakimbii. Rudi hapa usikilize.

Mhando: Hakuna aliyekufa bado. Juma, chukua ukucha ukwangue gamba kidogo kwenye tawi nene. Niambie rangi.

Juma: Kijani.

Mhando: Basi unaishi. Kesho vunjeni ile sakafu, angalau kufika ncha za matawi zinapoishia. Nyundo na tindo, siyo sururu, msije mkakata mizizi. Kifusi chote kitoke mpaka goti lionekane, na udongo wenye ukoko mweupe wa saruji uzoe ukautupe mbali. Mbolea ya kuku nayo itoke.

Rashidi: Yaani baraza nililolipia wiki sita zilizopita tunalivunja.

Tatu (simu ya Bibi): Bibi anasema baraza libaki, sakafu ya mti ndiyo ivunjwe. Na anasema Babu hakupanda baraza.

*Jumapili*

Juma: Tumevunja. Goti hilo hapo.
[Picha]

Mhando: Safi kabisa. Mizizi ikoje?

Juma: Upande wa mlango mizuri, rangi ya tangawizi. Upande wa bomba myeusi, inanuka, ukivuta ngozi inabaki mkononi. Halafu kuna mmoja mnene umekatwa.

Zuhura: Umekatwa na nani?

Juma: Siku ya kuchimba mtaro wa bomba. Nilidhani ni kisiki.

Mhando: Ile iliyooza kata mpaka penye mzizi mzima, kisu kisafi. Kwa nini upande wa bomba tu ndio ulowe hivyo? Jana umemwagilia?

Juma: Hapana. Lakini chini ni tope.

Rashidi: Ngoja. Funga koki zote za nyumba, uende ukaangalie mita.

Juma: Inazunguka.

Rashidi: Inazunguka!! Ndiyo maana bili ya mwezi uliopita ilikuja kama ya hoteli. Tunatoa maji Ziwa Victoria mpaka Tabora ili Juma afuge kambare chini ya mchungwa.

Zuhura: 😂😂😂

Juma: Ile siku koleo liligonga bomba kidogo. Nikafunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nikafukia. Naomba mnisamehe wote kwa pamoja, nisianze kuomba mmoja mmoja.

Tatu (simu ya Bibi): Bibi amecheka mpaka amekaa chini. Anasema ameshasamehe, ila fundi bomba aje leo na Juma alipe.

Shangazi Mwajuma: Hayati mume wangu shina lake alilipaka chokaa. Au nayo ni sumu?

Mhando: Hapana shangazi, hiyo ni sawa. Matawi yamepukutika, jua litachoma gamba, chokaa ya kupaka inasaidia. Shida ni ile ya kumwagika mizizini. Halafu Juma, yale machungwa madogo yaliyobaki yatoe yote.

Tatu (simu ya Bibi): Bibi anauliza yote?

Mhando: Yote mama, samahani. Mgonjwa habebi mizigo. Matawi makavu tu ndiyo ya kukata, mabichi msiguse. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri itandazwe chini ya matawi na majani makavu juu yake, ila iache shina kama shubiri moja. Duka la pembejeo muulizie mbolea ya kupuliza majani yenye chuma na zinki, mpulizie jioni kwa kipimo cha kwenye kopo. Na maji: chomeka kidole, ukikuta unyevu, ondoka.

Juma: Na nikiondoka nikaona bado umenyauka?

Mhando: Uondoke tena.

*Novemba, Jumamosi*

Juma: JAMANI! Mvua mbili tu na ona!
[Picha]

Zuhura: Majani mapya!! Alhamdulillah. Juma nakurudishia heshima yako nusu.

Shangazi Mwajuma: Hongera mwanangu.

Mhando: Hongera shemeji. Ila hilo chipukizi refu kuliko yote, lenye miiba, limetokea wapi? Juu ya goti au chini?

Juma: Chini. Ndilo lenye nguvu, nimeliwekea mpaka kijiti cha kuegemea.

Mhando: Hilo siyo chungwa. Miche mingi hubebeshwa juu ya mlimau, na hapo mlimau wenyewe ndio umeota. Ukiuacha utanyonya chakula chote, chungwa lisahaulike. Angalia juu ya goti.

[Picha]

Juma: Yapo. Matatu. Madogo kama sikio la panya.

Mhando: Hayo ndiyo ya Mzee. La chini liondoe leo.

Tatu (simu ya Bibi): Bibi anasema liondolewe lakini lisitupwe, atajaribu kulichomeka kule nyuma ya jiko, limau la samaki halijawahi kumtosha. Anauliza nani atamchimbia shimo.

Juma: Nakuja mama.

Tatu (simu ya Bibi): Bibi anasema amekusikia. Anasema jembe apewe mtoto wa jirani, wewe ushike mwavuli.