Gitaa kama kazi ya kudumu Arusha na Moshi: hoteli, bendi, sherehe au kufundisha?

NyuziSita (Sakina)
Wakuu, naomba tulinganishe kwa hoja. Chukulia mtu anapiga vizuri, ana gitaa moja la umeme na gitaa kavu moja lenye pikapu (kinasa sauti cha kuliunganisha na spika), na anataka gitaa limlipie pango. Hapa kwetu naona njia nne: kupiga peke yako hotelini na kwenye loji, kuingia bendi ya baa, sherehe na studio, au kufundisha. Ipi ina uhakika, na ipi inammaliza mtu kimyakimya? Zile za "kipaji ndiyo kila kitu" tuziweke pembeni.

Ridhimu wa Kijenge
Mkuu, kabla ya kulinganisha bei, linganisha kalenda. Hapo ndipo wengi wanapopigwa.

Watalii wanajaa Juni hadi Oktoba, wanarudi tena Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei ni masika, na kuna loji zinazofunga geti kabisa. Sasa angalia sherehe. Kwaresima inaanza Februari au mwanzoni mwa Machi na kwenda hadi Pasaka, na kipindi hicho harusi za kanisani zinakuwa chache sana. Maana yake hoteli na sherehe zinalala usingizi wakati mmoja. Ukitegemea hizo mbili tu, ikifika Aprili unaanza kutafuta mteja wa amplifaya.

Kufundisha kunakwenda kinyume chake. Shule za kimataifa za Arusha na Moshi zinafunga katikati ya Juni hadi Agosti, na hapo hoteli ndiyo zimefurika. Masika wanafunzi wapo darasani. Kwa hiyo hoteli na kufundisha zinashikana vizuri kuliko jozi nyingine yoyote kwenye orodha yako.

Chalii_wa_R
Na bendi je? Machalii wengi wanaanzia huko.

Mzee wa Solo (Majengo, Moshi)
Bendi ni shule nzuri na mwajiri mbovu. Kwenye dansi mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Wewe mpigaji unaweza kubadilishwa Jumatano na Ijumaa watu wakacheza kama kawaida. Kabla hujakubali uliza mambo matatu, na uyaulize mbele ya shahidi: malipo ni ya usiku au ni mgao wa kiingilio? Usafiri wa saa nane usiku ni wa nani? Mazoezi yanalipwa? Mgao wa kiingilio ukisikia, uliza pia nani anakaa mlangoni kuhesabu.

Kama unataka kuingia haraka, usiende kuomba solo. Kila mtu anataka solo. Mpiga ridhimu anayekaa kwenye mwendo ni adimu. Kazi yake ni ndogo kwa macho: nyuzi tatu au nne nyembamba, mkato mfupi, kiganja cha kushoto kinalegea mara tu baada ya kila pigo ili sauti ikatike. Uzi wa sita na wa tano mwachie mpiga besi. Wanaoanza wanaharibu hapo hapo, wanapiga nyuzi zote sita, wanamfunika besi, na muziki mzima unakuwa uji.

Sebene linaweza kwenda dakika nane kwenye mzunguko uleule. Mkono unakufa dakika ya tatu kwa sababu mtu anapiga kwa kiwiko na kuibana piki kama anashika msumari. Tumia kifundo cha mkono, piki ilegee. Fanyia mazoezi kwenye metronomu (kile kifaa cha kugonga mwendo) dakika kumi mfululizo bila kusimama, anza na mapigo 90 kwa dakika, panda tano tano.

Na masikio, vijana. Desibeli 85 zinavumilika kwa muda wa saa nane. Kila zikiongezeka tatu, muda unakatika nusu, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15 tu. Jukwaa la baa linafika huko bila shida. Nunueni vizibo vya masikio.

Dada Kapo
Mzee wa Solo shikamoo. Naongezea upande wa sherehe na kwaya, maana mmeuruka.

Moshi, Desemba ni mwezi wa kipekee. Watu wanarudi nyumbani toka Dar na kwingine, harusi, ubarikio na vikao vya ukoo vinarundikana wiki mbili za mwisho. Ukishika tarehe mbili siku moja bila mtu wa kukushikia, jina limeharibika hadi mwaka mwingine. Advansi nusu siku ya kukubaliana, nusu iliyobaki kabla ya keki, siyo baada. Baada ya keki kamati inaanza kutafutana. Andika pia saa ya kumaliza, na nyongeza ya kila saa inayozidi.

Kwaya zinapenda funguo za bemoli kwa sababu mpiga kinanda anahamisha kwa kitufe. Wewe huna kitufe, una kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi kwenye pingili za shingo ya gitaa. B bemoli: kapo pingili ya kwanza, piga shepu (mikao ya vidole) za A, au pingili ya tatu, shepu za G. E bemoli: pingili ya kwanza na shepu za D, au ya tatu na shepu za C. A bemoli: pingili ya kwanza, shepu za G. Kapo ikae karibu kabisa na chuma cha pingili bila kukipanda. Ukiiweka katikati au ukiikaza mno, nyuzi zinapanda sauti na kwaya itakuona wewe ndiye uliyekosea. Tyuni upya baada ya kuifunga.

Studio inalipa kwa wimbo, lakini kazi ni za kuotea. Badilisha nyuzi siku moja kabla, siyo asubuhi hiyo. Nyuzi mpya zinavutika na kushuka. Omba fundi arekodi na laini kavu ya gitaa pembeni, yaani sauti isiyotiwa madoido, ili mkibadili mawazo kuhusu sauti usirudi kupiga bure. Na kama umetunga kipande kinachobeba wimbo, mgawanyo uandikwe kabla hujaondoka pale. COSOTA, wale wa hakimiliki, wanafanya kazi na maandishi.

NyuziSita
Hoteli ndiyo inanivuta. Wanataka nini hasa?

Fundi Waya (Njiro)
Wanataka mtu asiyeleta usumbufu. Kawaida ni seti tatu za dakika 45 na mapumziko ya dakika 15. Wimbo ukiwa na wastani wa dakika tatu na nusu, kila seti inakula nyimbo 12 hivi, kwa hiyo uwe na 36 kichwani na akiba ya 10. Changanya: kopi za kizungu, dansi ya zamani kwa gitaa moja, na kidogo cha taratibu bila maneno wakati wa chakula. Mgeni akiacha kuongea na mwenzake mezani kwa sababu yako, umepiga kwa sauti kubwa mno.

Sasa vifaa, na hapa niwe mrefu kidogo. Kebo ya gitaa ikizidi mita 6 inaanza kula sauti za juu. Kwenye bustani ya hoteli mixa iko mbali, kwa hiyo tumia boksi la DI (linaloandaa sauti ya gitaa isafiri mbali), toka hapo kwenda mixa kwa kebo ya XLR, ile ya maiki. Betri ya tisa volti kwenye gitaa kavu inawaka muda wote jeki ikiwa imechomekwa. Chomoa mapumzikoni, vinginevyo seti ya tatu itatoka na sauti ya redio mbovu.

Gitaa likianza kuvuma lenyewe, usikimbilie kushusha sauti yote. Ziba tundu la gitaa kwa kizibo cha mpira, geuka usitazamane na spika, kisha punguza besi kati ya hezi 100 na 250. Mara nyingi inatulia hapo.

Arusha jioni ya Juni au Julai ni baridi. Ukitoa gitaa kwenye gari lenye joto ukatyuni papo hapo, baridi inakaza nyuzi na sauti inapanda katikati ya wimbo wa pili. Lifungue nusu saa kabla. Na mchana wa Moshi usiliache ndani ya gari juani: gundi inalegea, daraja linanyanyuka, na hapo hakuna cha kufanya ila fundi.

Kuhusu umeme: wetu ni volti 230. Amplifaya ya Marekani ya volti 120 ukiichomeka moja kwa moja, inakufa. Ukigusa maiki kwa mdomo ukapigwa shoti, maana yake amplifaya na mixa haziko kwenye ethi moja. Zipeleke kwenye soketi moja. Kuna mafundi wanakata ile pini ya ethi ili mvumo uishe. Mtu wa namna hiyo asiguse vyombo vyako, anaweza kukuua.

Mwalimu wa Nyuzi
Kufundisha kwa ufupi. Lipisha kwa mwezi, masomo manne, mwanzoni mwa mwezi. Ukilipisha kwa somo, mvua ikinyesha mshahara wako umenyesha nao. Watoto dakika 30, watu wazima saa moja. Mtoto wa miaka 6 hadi 8 apewe gitaa la nusu, la nyuzi za nailoni. La ukubwa kamili lenye nyuzi za chuma linamuumiza vidole, na baada ya wiki tatu mzazi anakuambia mtoto amechoka. Shule zitakuuliza vyeti. Tumaini Makumira pale Usa River wana shahada ya muziki, na TaSUBa Bagamoyo wanatoa mafunzo ya sanaa.

Mzee wa Solo
Marahaba Dada Kapo. Sikubaliani na Ridhimu kwenye jambo moja tu: hoteli siyo pa kuanzia. Ukienda peke yako bila mwaka mmoja au miwili wa bendi, mwendo wako utayumba na hutajua, kwa sababu hakuna ngoma ya kukushitaki.

Ridhimu wa Kijenge
Hapo nakubali nusu, Mzee. Metronomu nayo inashitaki.

Dada Kapo
NyuziSita, usisahau karatasi. Hoteli nyingi hazikulipi bila TIN. Malipo ya huduma yanakatwa kodi ya zuio asilimia 5: mkikubaliana laki tatu, unakatwa 15,000, unapokea 285,000. Dai hati ya zuio kila mara, kwa sababu ndiyo ushahidi wako TRA ukifanya hesabu za mwaka. Usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) unafanyika mtandaoni. Umalize kabla hujaulizwa kibali, siyo siku ya shoo.

NyuziSita
Asanteni sana. Kuna loji upande wa Karatu wananiita wikiendi ya kujaribu. Nibebe nini?

Fundi Waya
Usitegemee vyombo vyao. Seti mbili kamili za nyuzi, unene wa 12 hadi 53 kwa gitaa kavu, na uzi wa kwanza wa ziada vipande vitatu maana huo ndio unaokatika. Kebo mbili za gitaa, XLR moja ndefu, boksi la DI, betri mbili za tisa volti, kapo, tyuna ya kubana, koleo la kukatia nyuzi, kizibo cha tundu, tochi. Kule wengi wanatumia jenereta, kwa hiyo waulize inazimwa saa ngapi, na uulize kabla hujaandika bei.