Waliobadilisha mazabodi na prosesa ya disktopu, tupeane uzoefu kabla sijafungua kasha

Steshenari_Ngongona:
Wakuu habari za jioni. Nina disktopu ya kazi hapa steshenari, i5 ya kizazi cha 4, RAM DDR3 8GB, na SSD. Inachapa, inaskani, haina neno. Tatizo Windows 10 iliachwa kuhudumiwa Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inaikataa hii mashine, inataka Intel kizazi cha 8 kwenda mbele pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Kuna jamaa kanipa bei ya mazabodi (ubao mkuu wa mashine) na prosesa ya kizazi cha 12, bei siyo mbaya. Nataka nibakize kasha, sapulai ya umeme, RAM, SSD na monita. Waliopita njia hii mlikutana na nini? Na tafadhali asije mtu hapa kuniambia ninunue laptopu, wanafunzi wananimwagia soda kaunta kila leo.

Mkia_wa_Foleni:
Nunua laptopu.

Steshenari_Ngongona:
Nilijua tu.

Zuzu_Stesheni:
Mkuu umenifukulia kitu nilikuwa nimeshakizika. Mimi nilikuwa na mazabodi ya H110, soketi (pale inapokaa prosesa) 1151, na i3 ya kizazi cha 6. Nikasema nisihangaike na mazabodi, nibadilishe prosesa tu. Nikaingia duka moja pale mjini, naulizia i5 ya kizazi cha 8. Kijana akaigeuza, akanionyesha: "Hii 1151, yako 1151, bosi unataka nini tena?" Kweli, ikaingia yenyewe bila kulazimisha. Nikafunga hitisinki, kile chuma cha kupozea prosesa, nikawasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, monita giza.

Nikatoa RAM, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikarudisha. Giza. Nikatoa betri ile ya CR2032, nikasubiri, nikarudisha. Giza. Nikabadilisha waya wa monita. Nikabeba kasha zima kwenye bajaji mpaka dukani, wakaliangalia wakasema sapulai yako ni ndogo haiimudu hii prosesa, wakaniuzia sapulai. Nimerudi nayo nyumbani, giza vilevile, ila sasa giza la gharama.

Aliyenitoa ni jirani yangu mmoja wa mambo ya IT, wala hakugusa kitu. Aliuliza swali moja: mazabodi ni ya mfululizo gani? Kumbe kizazi cha 8 kilipotoka mwaka 2017 soketi ilibaki kuitwa 1151 na umbo ni lilelile, lakini prosesa zile zinataka mazabodi za mfululizo wa 300. H110, B150, B250, Z270, zote hazizitambui. Inaingia na haiwaki. Kwa hiyo mleta mada, usiangalie soketi peke yake. Ingia tovuti ya waliotengeneza mazabodi, tafuta orodha ya prosesa wanazozikubali, hakikisha jina la prosesa yako limo.

Mkia_wa_Foleni:
Sapulai ni wati ngapi?

Zuzu_Stesheni:
Stika inasema 500. Ukiinyanyua ilivyo nyepesi unaona stika ilijisemea tu.

Fundi_wa_Majengo:
Ndiyo shida ya kujifanya mnajua. Hivi vitu vina wenyewe. Mngeita fundi tangu mwanzo msingekuwa mnalia huku.

Zuzu_Stesheni:
Fundi ndiye aliyeniuzia sapulai.

Kibandani_Nkuhungu:
😂😂😂 jibu hilo bwana fundi

Mama_Zabibu:
Wanangu hamjambo. Mimi si mtaalamu, ila marehemu mume wangu alikuwa anatengeneza redio hapa Chamwino. Alikuwa anasema miezi hii ya Julai na Agosti usifungue kifaa umevaa sweta. Hewa kavu, upepo, ukivua sweta gizani unaona cheche. Shika chuma kwanza ndipo ushike saketi. Na hilo vumbi jekundu litoeni nje ya nyumba, siyo sebuleni.

Kibandani_Nkuhungu:
Shikamoo mama. Hilo ni kweli kabisa. Kuongezea: unapopuliza vumbi kwa blowa, zuia feni kwa kidole isizunguke. Na sapulai iache kwenye soketi ya ukutani ila swichi izime, hapo kasha linabaki na ethi (waya wa ardhini).

Dereva_wa_Bahi:
Usimdanganye mwenzio, achomoe kabisa! Nyumba ngapi za kupanga hapa Dodoma zina ethi ya kweli? Chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kama sekunde kumi umeme uliobaki uishe, ndipo ufungue.

Kibandani_Nkuhungu:
Ukichomoa unakuwa huna ethi kabisa kaka.

Dereva_wa_Bahi:
Na nisipochomoa nina umeme kabisa. Nachagua uhai.

Picha_Kali:
Jamani mimi nilipoona tu "Windows 11" na "kubadilisha mazabodi" mwili ukasisimka. Natengeneza video za harusi, nipo Area C. Mwaka ule mvua za Januari zikaja na radi, mashine ikazima na haikuwaka tena. Fundi akapima: mazabodi imekufa, sapulai nzima, diski nzima. Nikamshukuru Mungu, maana humo ndani kuna harusi ya watu wa Kondoa, kuanzia kicheni pati, sendofu, kanisani, ukumbini, hadi kuvunja kamati. Kadi za kamera zilishaingia kazi nyingine, kwa hiyo harusi ile iko hapo tu, kwingine haipo.

Fundi akaleta mazabodi na prosesa, akafunga vizuri kabisa, nembo ikaja, nikaanza kucheka. Halafu skrini ikawa ya bluu. Siyo ile ya kusema mashine imegoma. Bluu imetulia, inaniomba ufunguo wa tarakimu 48. Arobaini na nane! Fundi ananiangalia mimi, mimi namwangalia fundi.

Nakuja, mteja kaingia.

Zuzu_Stesheni:
Dada usitufanyie hivyo.

Kibandani_Nkuhungu:
Mteja asubiri bwana, sisi tumeshakaa.

Fundi_wa_Majengo:
Hiyo ni BitLocker, kufuli la diski la Windows. Dawa yake unafomati, unaweka Windows mpya, maisha yanaendelea.

Mama_Zabibu:
Unafomati harusi ya watu?

Fundi_wa_Majengo:
Mama mimi naongea kitaalamu.

Manyoni_Junction:
Wakati tunamsubiri dada, niongeze langu. Mazabodi inakaa juu ya vile vinyayo vya shaba vinavyoiinua isiguse kasha, na kila kinyayo kinatakiwa kiwe chini ya tundu lake. Kasha langu lilikuwa na kinyayo kimoja cha mazabodi ya zamani, hakikuwa na tundu upande wa juu, kikawa kinagusa saketi kwa chini. Mashine inawaka sekunde mbili inazima, inawaka inazima. Aliyefunga akasema prosesa mbovu. Alipotoa kile kinyayo ikatulia mpaka leo. Hesabu matundu kwanza, vinyayo vya ziada ondoa.

Pia pini. Kwenye Intel hizi za miaka yote ya karibuni pini ziko kwenye soketi, siyo kwenye prosesa. Ukinunua ya mtumba omba ije na kifuniko cha plastiki cha soketi, na mulika tochi ya simu kwa pembeni. Ikilala pini moja utaiona inavyong'aa tofauti na wenzake.

Fundi_wa_Majengo:
Na pesti ya kupitisha joto paka yote juu ya prosesa, isibaki hata sehemu moja. Nimefunga mashine za taasisi mimi.

Manyoni_Junction:
Tone la katikati kiasi cha punje ya mbaazi linatosha, hitisinki ikikaa inasambaza yenyewe.

Fundi_wa_Majengo:
Haisambazi mpaka kwenye kona. Kizazi cha 12 soketi ni 1700, prosesa imekuwa ndefu, siyo mraba kama za zamani. Hiyo mbaazi yako itafika wapi?

Manyoni_Junction:
Basi mbaazi mbili.

Dereva_wa_Bahi:
Mnagombania pesti, mwenzenu joto la Novemba linamsubiri na dirisha la steshenari linatazama barabara ya vumbi. Asafishe feni, hayo mengine mtajua wenyewe.

Manyoni_Junction:
Fundi kwa hilo la urefu wa prosesa yuko sawa lakini. Tena hitisinki ya mashine yake ya kizazi cha 4 haitaingia kwenye 1700, matundu yamesogea. Ahakikishe prosesa inakuja na feni yake.

Kibandani_Nkuhungu:
Aangalie pia herufi ya mwisho ya jina. Ikiishia na F, kama i5-12400F, haina grafiki ndani. Bila kadi ya grafiki ya pembeni monita haionyeshi kitu. Ndiyo maana huwa zinauzwa rahisi kidogo.

Picha_Kali:
Nimerudi. Mnisamehe, alikuja kuchukua pasipoti saizi.

Basi yule fundi wangu alikuwa mtu mkweli, akaniambia dada asikudanganye mtu ukafomati. Akanieleza: Windows 11 ukiiwasha mara ya kwanza kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi inafunga diski kimyakimya bila kukuuliza. Ufunguo unakaa kwenye TPM, na TPM iko huko kwenye mazabodi au prosesa. Ukivibadilisha, diski haimtambui aliye mbele yake. Nakala ya ufunguo inakuwa kwenye akaunti ya aliyesajili mashine.

Aliyesajili ni mtoto wa dada yangu, ndiye aliyeniwekea hiyo Windows. Yuko wapi? Kaenda JKT. Kambini simu hana.

Huku mama wa bwana harusi anapiga asubuhi na jioni. "Mwanangu, mkanda wetu?" Namwambia mama bado naweka rangi. Kesho yake anapiga: "Rangi imekauka?"

Tukakumbuka simu ya kijana aliiacha kwao Kondoa, kwa mama yake, sandukuni, imezimwa. Nikampigia dada, aichaji, aiwashe. Kuifungua hawezi, lakini ujumbe unaoingia unaonekana juu ya kioo hivyohivyo. Fundi akaingia kwenye akaunti, akaomba kubadilisha nywila, kodi ya uthibitisho ikatumwa kwenye simu. Dada akanisomea. Imekataa. Akasoma tena. Imekataa. Kumbe ananisomea namba ya muamala wa pesa ulioingia tangu kijana hajaondoka, na ujumbe wenyewe uko chini yake.

Kodi ikakubali. Ndani kuna mashine tatu, kila moja na tarakimu zake 48. Unalinganisha utambulisho wa ufunguo ule unaoonekana kwenye skrini ya bluu, herufi 8 za mwanzo, ndipo unajua upi ni wako. Fundi anaita, mimi naandika kwenye keibodi, kasha bado liko wazi mezani. Ikafunguka. Sikusubiri hata afunge skrubu, nikachomeka hadidiski ya nje nikahamisha harusi nzima.

Mama_Zabibu:
Mungu ni mwema. Na yule mama wa bwana harusi?

Picha_Kali:
Aliupata mkanda. Akalalamika hajaonekana vya kutosha.

Zuzu_Stesheni:
Kijana alipotoka JKT alisemaje?

Picha_Kali:
Alikuta nywila mpya ni jina la bibi harusi. Hajacheka hadi leo.

Manyoni_Junction:
Kwa faida ya wengine: kama mashine bado inawaka, kabla ya kufungua kasha nenda kwenye mipangilio, zima ule usimbaji wa kifaa (Device encryption) unaofunga diski, subiri umalize, ndipo ubadilishe. Au angalau pata ufunguo uuandike kwenye karatasi.

Fundi_wa_Majengo:
Ndiyo nilichokuwa namaanisha.

Kibandani_Nkuhungu:
😂 Ulisema fomati.

Dereva_wa_Bahi:
Tumemsahau mwenye uzi. Mkuu, hilo kasha lako ni la kuunga au ni zile mashine za ofisi?

Steshenari_Ngongona:
Nipo nasoma tu, nimeogopa. Ni la ofisi, nilichukua mnadani, lile jembamba la kulaza.

Dereva_wa_Bahi:
Ahaa. Basi simama hapohapo usilipe kitu. Fungua uangalie waya mkubwa unaotoka kwenye sapulai kwenda kwenye mazabodi. Mazabodi za kawaida zinataka pini 24, na waya wa pembeni wa prosesa wa pini 4 au 8. Hizi za ofisi nyingi zina pini 6 au 8 tu, kila kampuni na mpangilio wake. Hata kitufe cha kuwashia plagi yake ni ya kwao, na matundu ya skrubu hayalingani.

Manyoni_Junction:
Na RAM yako ya DDR3 haina kazi huko. Kizazi cha 12 ni DDR4 au DDR5 kulingana na mazabodi, na tundu la katikati liko mahali tofauti, haiingii. Halafu andika msinfo32 pale pa kutafutia kwenye Windows uone BIOS Mode. Ikisema Legacy, hiyo SSD haitawaka kwenye mazabodi mpya mpaka uigeuze iwe ya mpangilio wa GPT.

Mkia_wa_Foleni:
Kwa hiyo anabakiza monita.

Steshenari_Ngongona:
Nimefungua. Nimechomoa kwanza, kaka wa Nkuhungu usinune. Waya mkubwa una pini 8.

Zuzu_Stesheni:
Pole mkuu. Ukipiga hesabu ya kasha, sapulai, RAM, mazabodi na prosesa, unakuta mashine nzima ya ofisi ya kizazi cha 8 iliyotumika ina bei ndogo kuliko hiyo jumla, na hiyo Windows 11 inaikubali. SSD yako unahamisha. Kama hapa mjini wanakubana, SGR ya asubuhi, Kariakoo, jioni umerudi. Mimi ndivyo nilivyomalizia.

Fundi_wa_Majengo:
Hiyo safari ya nini, mimi ninazo mbili za kizazi cha 8. Njoo Majengo uzione zikiwaka.

Zuzu_Stesheni:
Mwambie akuonyeshe na upande wa nyuma.

Steshenari_Ngongona:
Kesho baada ya saa kumi napita, bwana fundi. Usizifungue kabla sijafika. Wakuu, hizi RAM za DDR3 nani anazihitaji? Mbili, 4GB kila moja.

Kibandani_Nkuhungu:
Nazitaka mimi. Ni za 1600 au 1333?

Steshenari_Ngongona:
1600 zote.

Kibandani_Nkuhungu:
Niwekee, Jumamosi nakuja kutoa kopi za vyeti nitazichukua.